Kumfuatilia mama mwenye kisukari akiwa kijijini

Dada, umeuliza kama umnunulie mama mashine ya kupima sukari, yeye yuko kijijini na wewe uko Dar. Mnunulie, ila kabla ya kulipa ulizia bei ya stripu (vipande vyembamba vya kuwekea tone la damu, vinavyochomekwa kwenye mashine) na kama zinapatikana karibu naye. Mashine unanunua mara moja; stripu ndizo zinazomaliza pesa, na za mashine nyingine hazifanyi kazi.

Simu janja si lazima. Apime asubuhi kabla ya kula chochote, mjukuu aandike kwenye daftari na kukutumia meseji ya kawaida. Anawe mikono kwa sabuni na kuikausha kwanza: akitoka kumenya embe, kidole kitatoa namba ya kutisha bure.

Namba peke yake haitibu, na hapo ndipo wengi wanakwama. Mwombeni daktari wa kliniki yake azipokee kwa simu. Dozi abadilishe yeye, si nyie. Mashine ikisoma chini ya 4 (mmol/L, kipimo cha sukari kwenye damu), yaani sukari imeshuka mno, anywe maji yenye vijiko vitatu vya chai vya sukari, apime tena baada ya dakika 15. Akishindwa kumeza, msimnyweshe kitu, mkimbizeni hospitali.