Kabla hujachora, nenda ukapime mlango

Wewe unayeanza kazi ya kubuni samani na taa za nyumbani, kitu cha kwanza utakachokutana nacho ni simu ya mteja. Atakufungulia picha: kabati limesimama kwenye ukuta mweupe, dari iko juu kama ya msikiti, waya hauonekani hata mmoja, mtoto hayupo. Atakwambia, "Fundi, nataka kama hii." Usikubali papo hapo. Mwambie akukaribishe kwake kwanza.

Mimi sikusema hivyo. Nilikuwa na mwaka mmoja tu Keko, mtaa wa mafundi samani Dar es Salaam, damu inachemka, nikatengeneza kabati la vitabu la mbao ya mkongo, urefu futi 7, limeungwa lote kwa ndimi za mbao na gundi, halifunguki. Mteja alikuwa anakaa ghorofa ya nne Kariakoo, na ngazi za jengo lile zinapinda kila baada ya hatua chache. Wabebaji wanne walifika ghorofa ya pili, kabati likagoma. Ukililaza linagonga ukingo, ukilisimamisha linagonga dari. Tulilishusha majirani wakitazama, na kesho yake nikalikata vipande viwili kwa msumeno wangu mwenyewe.

Tangu siku ile napima mlango, napima kona ya ngazi, chumba nakipima mwisho. Na samani yangu kubwa lazima ifunguke. Wala si uvumbuzi wa juzi. Mwaka 1859 fundi samani Michael Thonet wa Vienna alitoa kiti chake namba 14, cha miti iliyopindwa kwa mvuke: vipande 6, skrubu 10, nati 2. Viti 36 vikifunguliwa vilienea kwenye sanduku la mita moja ya ujazo, vikapanda meli, vikafungwa huko huko vilikokwenda. Watu husifu mkunjo wa mgongo wa kiti kile. Mimi nasifu sanduku. Halafu tazama kitanda cha kamba cha bibi yako: matendegu manne ndiyo miguu, mifumbati miwili ya ubavuni, vitakizo viwili vya upande wa kichwa na wa miguu, na kamba iliyokazwa ndiyo inayovifanya vishikane. Ukihama unakifungua, unakibeba kichwani. Kabla ya kutafuta ubunifu mtandaoni, lala chini ya kitanda kile utazame kilivyounganishwa.

Jambo la pili ni mbao. Usinunue mbao mbichi kwa sababu tu muuzaji ameapa kwamba imekauka. Na hata iliyokauka bado inatembea. Niliwahi kupeleka Dodoma meza ya mninga, uso wake nimeukaza kwa skrubu pande zote kwenye fremu, nikijisifu kwamba haitikisiki. Hewa ya Dar ina unyevu, ya Dodoma ni kavu. Mbao husinyaa kwa upana, kwa urefu ni kidogo sana. Uso ulitaka kusinyaa, fremu ikaukatalia, ukapasuka katikati ufa wa kuingiza sarafu. Dawa yake haina gharama: matundu ya skrubu kwenye fremu yachonge marefu kidogo kufuata upana wa uso, ili skrubu ipate pa kuteleza. Ile meza niliitengeneza upya, nauli ikiwa juu yangu.

Vipimo vya mwili usivibuni. Kiti cha kulia sentimeta 45 hivi, meza 75. Hapo katikati ni mahali pa mapaja, usipachezee.

Ila kinachotuumbua wengi ni taa. Tunaichonga kama kinyago, tunasahau kwamba itawashwa. Taa yangu ya kwanza ilikuwa ya kifuu cha nazi. Nilikikwangua nyuzi kwa kipande cha chupa, nikakipiga msasa mpaka kikang'aa kama pembe, nikakitoboa kwa keekee ya milimita 3, tundu baada ya tundu, siku nzima. Nikaweka balbu ya zamani ya wati 60. Nusu saa haikufika, kifuu kikaanza kunuka moshi na holda ya plastiki ikalainika. Leo naweka LED ya wati 7 na holda ya kauri. Lakini hata LED ina joto lake, linakaa kwenye shingo; ukiifungia bila upenyo wa hewa itakufa mapema. Taa ya chuma iunge na waya wa ardhini, ule wa kijani na njano, na kama hujui, mwite fundi umeme. Hapo hakuna mjadala.

Soma na boksi la balbu, utakuta rangi ya mwanga imeandikwa kwa kelvini. Kelvini 2700 ni mwanga wa rangi ya kandili. Kelvini 6500 ni weupe wa duka la dawa. Uweke juu ya mninga uone ile rangi nyekundu uliyoilipia inavyogeuka majivu.

Kisha kaa chini. Mbunifu wa taa Poul Henningsen wa Denmark, kwenye taa yake PH 5 ya mwaka 1958, alipanga vifuniko kwa tabaka ili aliyekaa mezani asiione balbu. Kwetu si kila mtu yuko mezani. Kuna anayekula mkekani, kuna mtoto amelala chali anatazama juu. Ining'inize taa yako kwa kamba mahali pake, kaa kwenye kiti, kaa kwenye mkeka, lala. Ukiiona balbu, rudi kazini.

Na ukishakabidhi kazi, rudi baada ya mwezi. Hili wengi hawalifanyi, wanaona kama kujitafutia lawama. Niliwahi kutengeneza taa ya kusimama, fremu ya nondo za milimita 6, nimeizungushia ukindu uliosukwa wazi wazi, ukuta mzima unajaa vivuli. Picha yake ilipendwa kuliko kazi yangu nyingine yoyote. Niliporudi nilimkuta mama mwenye nyumba ameitupia kanga.

Nikauliza kama imeharibika.

"Haijaharibika, mwanangu. Inanichorea mistari kwenye nguo ninayoshona, sioni sindano inapoingia."

Nilikaa kwenye kiti chake, nikaiondoa kanga, nikairudisha. Bila kanga, kitambaa mapajani kilikuwa na milia kama pundamilia. Nayo kanga ikiwepo, mwanga ulitulia. Nikaichukua taa, nikaishonea bitana ya kitambaa cha marekani kwa ndani. Ukindu umebaki nje kama ulivyokuwa, milia haipo, na mama amepata kanga yake. Siku hizi bitana naiweka tangu mwanzo, na bei yake imo kwenye hesabu.