Jibu: Pengo kati ya nyimbo linakata mzuka

Habari ndugu. Umesema albamu yako ya transi ya saikedeliki (muziki wa kielektroniki wa kasi, wenye mdundo usiokatika), yenye ngoma za asili, inakatika kidogo kila wimbo unapoisha, na mzuka wote unapotea. Kwanza angalia aina ya faili. MP3 huongezewa kipande kifupi cha ukimya mwanzoni na mwishoni inapobanwa. Kwa kasi ya midundo 145 kwa dakika, pigo hurudi kila sekunde 0.41, kwa hiyo hata pengo dogo sikio hulinasa. Tafuta FLAC, aina ya faili isiyoongeza ukimya huo, kisha washa uchezaji usio na pengo kwenye mipangilio ya programu unayochezea muziki. Humo humo, sehemu ya kufifisha wimbo mmoja ndani ya mwingine iweke sifuri kabisa. Ukiiacha, besi mbili hugongana na ngoma huvurugika. Na usichanganye mpangilio wa nyimbo!