Kabla hujamtafuta babu kwenye karatasi za Élisabethville

Nyumba yetu iko Katuba, mtaa wa mji wa Lubumbashi, Kongo. Ni ya matofali, ina baraza fupi upande wa barabara, na miaka yote niliyokulia humo niliambiwa neno moja tu: babu ndiye aliyeijenga, wakati wa Wabelgiji. Baba alipofariki tukahitaji kujua zaidi ya hapo, nami nikaanza kutafuta karatasi. Karibu mwaka mzima ulipotea bure. Naandika ili wako usipotee.

Kwanza nilikosea jina la mji. Kila ofisi niliyoingia niliuliza nyaraka za kale za Lubumbashi. Lakini mji wetu ulianzishwa mwaka 1910 ukapewa jina la malkia wa Ubelgiji, Élisabethville, na jina la Lubumbashi likawa rasmi mwaka 1966. Kwenye karatasi za zamani, Lubumbashi ni mto na kiwanda cha kuyeyusha shaba kilichoanza kazi 1911. Mtaa wa Kamalondo utaukuta kwa jina la Albert, na mji wa Likasi ni Jadotville. Mkoa wenyewe uligeuka Shaba mwaka 1971, ukarudi kuwa Katanga 1997. Andika majina hayo yote kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari lako kabla hujabisha hodi popote.

Kosa la pili ndilo lililonigharimu. Nilikuwa nikimtafuta babu kwa jina lake kati ya wenye viwanja. Siku moja mzee mmoja aliyewahi kuwa karani akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Mutoto, unatafuta mutu. Tafuta kwanza ule mwenye alikuwa anamuhesabia."

Nenda na swali hilo. Serikali ya kikoloni haikuandika habari za mtu kwa kumpenda. Ilimwandika kwa sababu kuna kitu ilitaka kutoka kwake. Mtu mweusi hakuruhusiwa kumiliki ardhi mjini kwa hati yake binafsi mpaka amri ya mwaka 1953. Kwa hiyo ukimkosa babu yako kati ya wamiliki wa 1940, usidhani hakuwepo. Aliandikwa na mwingine.

Kama alikuwa mfanyakazi wa Union Minière, kampuni ya migodi ya shaba iliyoundwa 1906, basi kampuni ilimhesabu kwa makini kuliko mtu yeyote. Mwanzoni ilichukua wanaume peke yao kwa mikataba mifupi; kuelekea mwaka 1928 ikabadili mwendo, ikataka wakae na wake zao kambini. Tangu hapo mke na watoto nao wakaingia kwenye hesabu, kwa sababu posho ya familia ilitegemea idadi ya midomo. Misheni nazo ziliandika waliobatizwa: Wabenedikto, na Wasalesiani waliofika 1911. Huko utapata jina la ubatizo, ambalo pengine nyumbani halikutumika kamwe. Na serikali ilimhesabu kwa ajili ya kodi. Kwenye buku lake waliandika kijiji, chifu na teritwari alikotoka. Jina la ukoo lisome kwa sauti, usilitazame tu kwa macho. Karani Mbelgiji aliandika alivyosikia, na leo Kabwe, Kabue na Kaboue wanaweza kuwa mtu mmoja.

Ukiishajua nani alihesabu, jiulize nini hakutaka kuandika. Mgomo wa Desemba 1941 ni mfano unaoniuma. Wafanyakazi wa Union Minière waliodai nyongeza ya mshahara walipigwa risasi tarehe 9 kwenye uwanja wa mpira, na hesabu ya serikali ya waliokufa haikuwahi kulingana na hesabu ya wazee. Soma ripoti, lakini kaa pia na mama mwenye umri mkubwa kuliko wote mtaani kwenu, leo hii, si mwakani.

Kwa habari za biashara, magazeti yalinisaidia kuliko mafaili. L'Essor du Congo lilianza 1928, na matangazo yake yanaonyesha duka gani lilikuwa wapi na liliuza nini: Wayahudi waliotoka kisiwa cha Rhodes, Wagiriki, Waitaliano. Usishangae kukuta bei za miaka ya mwanzo kabisa kwa pauni za Kiingereza. Reli ya kwanza ilitufikia kutoka kusini, na fedha ilipanda treni hiyohiyo.

Kabla ya kufungua ramani yoyote, tembea. Anza kwenye sinagogi ya 1930, pita jengo la tamthilia la miaka ya 1950 ambalo leo ni Bunge la mkoa, kisha shuka kwa miguu hadi Kamalondo. Utavuka mahali palipoachwa wazi makusudi kati ya mji wa wazungu na sisi. Ukiisha kupavuka kwa miguu, ramani utaielewa bila mwalimu.

Karatasi za Julai 1960 hadi Januari 1963 zina kichwa cha Dola ya Katanga, wakati mkoa ulipojitenga na Kongo chini ya Moïse Tshombe. Watu wengi huziruka. Usiziruke, risiti za viwanja zimo.

Nyaraka nyingi za Union Minière ziko Brussels, katika hifadhi ya taifa ya Ubelgiji, na orodha zake unaweza kuzisoma kwenye intaneti. Inanichoma kwamba mtoto wa Katuba lazima aombe viza ili aone mshahara wa babu yake. Zilizobaki hapa zinapigana na mvua na mchwa, kwa hiyo ukiruhusiwa, piga picha: lebo ya folda kwanza, halafu kila ukurasa, hata ulio mtupu. Na usisahau kwamba mwaka 1965 waliokuwa maboyi, yaani watumishi wa nyumbani wa wazungu, walitoa historia ya mji huu kwa Kiswahili chao wenyewe, iliyokusanywa na André Yav. Waliohesabiwa nao waliandika.

Babu nilimpata kwenye karatasi ya mkopo wa vifaa vya ujenzi, mtindo uliojenga sehemu kubwa ya Katuba: matofali, mabati, milango miwili, madirisha matatu. Nilibishana na karatasi ile, kwa kuwa nyumba yetu ina madirisha mawili. Shangazi akaichukua, akaitazama kimya, akaenda na kijiko cha chuma hadi ukuta wa chumba cha nyuma, akaanza kukwangua plasta. Ukingo wa dirisha la tatu ukatokea.