Maswali ya Wasomaji: Uniti Zinakwenda Wapi?

SWALI: Nyumba yangu na ya jirani zinalingana, vyombo vinalingana, hata idadi ya watu ni ile ile. Uniti zake zinafika mwisho wa mwezi, zangu zinakata tarehe 20. Nimeanza kuishuku mita. Naweza kuipima bila kumwita fundi?

JIBU: Unaweza, na unachohitaji ni saa yenye sekunde tu. Kwenye uso wa mita kuna kitaa kidogo kinachomweka, na kando yake pameandikwa idadi ya mimweko kwa uniti moja, kwa mfano 1000 imp/kWh. Mita nyingine huandikwa 1600 au 3200. Kama yako ni ya 1000, gawanya 3600 kwa sekunde zinazopita kati ya mmweko mmoja na unaofuata. Jibu ni wati zinazotumika nyumbani wakati huo. Sekunde 36 ni wati 100. Sekunde 3 ni wati 1200, na hapo ujue kuna kitu kinapasha moto mahali fulani. Kwa mita ya 1600, anza na 2250 badala ya 3600.

Sasa zima kila kitu na uchomoe plagi zote, friji ikiwemo, kisha kaa mbele ya mita dakika 15. Mita nyingine kitaa chake hubaki kimewaka mfululizo pasipo na mzigo, jambo ambalo si kosa. Unachotafuta ni mmweko. Ukiuona, zima swichi kuu ya nyumba. Mimweko ikiendelea hata swichi kuu ikiwa imezimwa, basi ama kuna waya umeunganishwa kati ya mita na swichi kuu, ama mita yenyewe ina kasoro. Usifungue chochote hapo; ni kazi ya shirika linalokuuzia umeme. Mimweko ikikoma, tatizo liko ndani. Washa swichi kuu huku breka zote zikiwa zimezimwa, kisha washa breka moja baada ya nyingine, ukisubiri dakika chache kila mara. Ile itakayoamsha kitaa ndiyo yenye laini ya kufuatilia. Wanaopatikana mara nyingi ni hita iliyosahauliwa darini, taa ya nje inayowaka mchana kutwa, pampu, au waya ulioliwa na panya na sasa unavujisha umeme kwenda ardhini. Huyu wa mwisho aitiwe fundi siku hiyo hiyo, kwa sababu kabla ya kuwa hasara ni hatari ya moto na ya kupigwa shoti.

Ukitaka kuhakikisha kwamba mita haipunji, acha kila kitu kimezimwa isipokuwa birika la umeme la wati 2000 lenye lita moja na nusu ya maji baridi. Kwa mita ya 1000, mimweko 50 ichukue sekunde 90 hivi. Usishtuke ikichukua sekunde 100 au 110. Volti za umeme zikiwa pungufu kwa asilimia 10, birika hutoa nguvu pungufu kwa asilimia 19, na mita inasema kweli. La kushtua ni mimweko 50 kumalizika ndani ya sekunde 60.

SWALI: Friji yetu ina miaka mingi na siku hizi hainyamazi, inanguruma usiku na mchana. Mume wangu anasema tuizime usiku tuiwashe asubuhi. Ni sawa?

JIBU: Hapana, mama. Friji iliyozimwa usiku hupandisha joto la chakula, na asubuhi kompresa, ile mota inayosukuma gesi ya kupoza, hufanya kazi mfululizo kulishusha tena. Mtaokoa kidogo sana, na nyama na maziwa vitakuwa vimelala kwenye joto ambalo vijidudu hulipenda.

Huo mngurumo usiokoma ndio wa kushughulikiwa. Friji ya wati 120 iliyo nzima huwaka na kuzima yenyewe, na kwa jumla kompresa hufanya kazi kama saa 8 kwa siku, sawa na uniti moja hivi. Isiponyamaza kabisa inakula karibu uniti 3 kwa siku. Kwa mwezi hiyo ni tofauti ya uniti 60 kwa chombo kimoja.

Anzia kwenye mpira wa mlango. Bana kipande cha karatasi kati ya mpira na bodi, funga, kisha kivute. Kikitoka bila ubishi, hapo hewa ya joto inaingia. Rudia pande zote nne, hasa pembeni na upande wa bawaba. Mpira mchafu uoshwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni. Uliojikunja ulainishwe kwa mashine ya kukaushia nywele, polepole, huku ukiunyoosha kwa vidole. Uliopasuka ubadilishwe. Gundi ya kubandikia mipasuko ni kazi bure, maana hukakamaa na kuzuia mlango kukaa vizuri.

Kisha vuta friji mbele. Ule wavu mweusi wa nyuma ndio unaotupa nje joto lililotolewa ndani, na ukifunikwa na vumbi joto halina pa kwenda. Chomoa plagi, safisha kwa brashi laini, na unaporudisha acha nafasi ya kiganja kimoja hadi ukutani. Miguu ya mbele iwe juu kidogo kuliko ya nyuma ili mlango ujifunge wenyewe.

Barafu ya friza ikizidi milimita 5, iyeyusheni. Barafu ni blanketi, inazuia ubaridi kufika kwenye chakula. Lakini msiguse kwa kisu! Tundu moja dogo kwenye bomba la gesi na friji imekufa.

La mwisho ni kile kitufe cha namba. Watu wengi hukipeleka hadi 7 wakidhani wanapunguza matumizi, kumbe kwenye friji nyingi namba kubwa ni baridi kali zaidi. Weka kipimajoto ndani ya glasi ya maji kwenye rafu ya kati, kilale usiku kucha. Asubuhi kisome nyuzi 3 hadi 5. Friza inatakiwa nyuzi 18 chini ya sifuri. Kama mmefanya yote hayo na bado hainyamazi, gesi imepungua au kompresa imechoka, na hapo gharama ya fundi ilinganishwe na bei ya friji mpya.

SWALI: Hita ya maji ya lita 80. Wengine wananiambia niiache imewaka muda wote kwa sababu kupasha maji upya kutoka baridi kunakula zaidi. Wengine wanasema niizime. Nimsikilize nani?

JIBU: Wasikilize wa pili, ila usitarajie muujiza.

Kupasha lita 80 kutoka nyuzi 20 hadi 60 kunahitaji uniti 3.7, na kwa koili ya wati 2000 ni muda wa saa moja na dakika 50 hivi. Gharama hiyo inatokana na kiasi cha maji, haibadiliki kwa kuwa uliiacha imewaka. Tanki lililokaa na joto hupoteza joto kupitia kuta zake saa zote, na kadiri linavyokuwa la moto kuliko hewa ya nje ndivyo linavyopoteza kwa kasi. Kwa hiyo lililozimwa na kupoa hupoteza kidogo kuliko lililoshikiliwa kwenye nyuzi 60 kutwa. Hiyo hoja ya "kupasha upya" haina msingi.

Hata hivyo tanki la ukubwa wako, likiwa na sponji nzima ya kuzuia joto lisitoke, hupoteza uniti moja hadi moja na nusu tu kwa siku, na kuzima huokoa sehemu ya hiyo. Fedha nyingi ziko kwenye maji yenyewe. Mtu anayeoga kwa lita 30 za nyuzi 40 ametumia uniti 0.7. Anayesimama chini ya shawa hadi lita 90 zikapita ametumia 2.1. Kichwa cha shawa kinachotoa lita 6 kwa dakika badala ya 12 hukata nusu bila kumwambia mtu aharakishe. Mita moja au mbili za kwanza za bomba linalotoka kwenye tanki zifunikwe kwa sponji ya mabomba, na bomba la maji moto linalodondosha matone lirekebishwe leo, si mwisho wa mwezi.

Thamostati, yaani kidhibiti joto, iache kwenye nyuzi 60. Kuishusha hadi 45 kunavutia, lakini maji ya vuguvugu yanayokaa siku kadhaa ni makazi ya bakteria wa lejionela, wanaoshambulia mapafu. Mkitoka safari, yapasheni hadi 60 kwanza ndipo muoge.

Valvu ya usalama ikidondosha maji kidogo wakati wa kupasha, iache. Lita 80 zikipashwa hadi nyuzi 60 hupanuka kwa zaidi ya lita moja na lazima zitokee mahali. Kuiziba valvu hiyo ni kutengeneza bomu. Lakini ikimwaga maji yanayochemka, thamostati imeganda: zima breka na umwite fundi.

SWALI: Nimeuziwa kiboksi cha kuchomeka kwenye soketi, kinadaiwa kupunguza bili kwa asilimia 40. Muuzaji alinionyesha kwa kifaa cha kubana waya, ampea zikashuka kweli.

JIBU: Ampea zilishuka, hakukudanganya hapo. Alikuacha gizani kuhusu kinachohesabiwa. Ndani ya kiboksi kuna kapasita, kifaa kinachohifadhi chaji ya umeme kwa muda mfupi, na kitaa cha kupendeza. Kapasita hupunguza mkondo wa ziada unaovutwa na mota, ule unaokwenda na kurudi bila kufanya kazi. Viwanda vikubwa hutozwa kwa mkondo huo, ndiyo maana navyo hufunga kapasita, tena kubwa. Mita ya nyumbani huhesabu wati-saa halisi, na hizo hazishuki. Thibitisha mwenyewe kwa kitaa cha mita: washa feni, pima sekunde za mimweko 20, chomeka kiboksi, pima tena. Kisha kirudishe kwa aliyekuuzia.

SWALI: Je, chaja ya simu iliyoachwa kwenye soketi bila simu inakula umeme?

JIBU: Ya kisasa inakula chini ya nusu wati. Kwa mwezi mzima haifiki nusu uniti. King'amuzi kinachobaki na wati 15 hata kikizimwa kwa rimoti hula karibu uniti 11 kwa mwezi. Chomoa hicho.

SWALI: Pampu yetu ya presha inajiwasha usiku wakati wote tumelala na hakuna bomba lililofunguliwa. Inawaka sekunde chache, inazima, baada ya dakika 10 inarudia.

JIBU: Maji yanatoka mahali. Tia rangi ya chakula kwenye tanki la choo na usivute maji kwa dakika 20. Rangi ikionekana kwenye bakuli, mpira wa chini wa tanki umeisha, na huyo ndiye mwizi wa kawaida kuliko wote. Kama vyoo viko salama, funga koki iliyo mbele ya pampu, upande wa nyumba. Ikiendelea kujiwasha, valvu ya kuzuia maji kurudi kisimani haikazi, mara nyingi kwa sababu ya mchanga. Ikitulia, tafuteni bomba linalovuja ardhini.

Kuna kisa kingine kinachofanana na hicho: pampu inayowaka na kuzima haraka haraka wakati bomba liko wazi. Hapo ni tangi la presha lililoishiwa upepo. Zima pampu, mwaga maji yote ya tangi, kisha jaza upepo kwa pampu ya baiskeli hadi ufike chini kidogo, kama ba 0.2 (ba ni kipimo cha presha), ya kiwango ambacho pampu hujiwasha. Ukipima upepo maji yakiwa bado ndani, utasoma presha ya maji na kudhani tangi ni zima. Maji yakitoka kupitia ile valvu ndogo ya kujazia upepo, mpira wa ndani umepasuka, na kujaza upepo hakutasaidia.