Re: Watoto wanne na bibi, Entebbe siku moja inatosha?

Mama Shamimu, inatosha kabisa, ila tokeni Kampala mapema. Ni kama kilomita 40 tu, lakini ukichelewa kutoka, foleni itakula asubuhi yote na watoto watafika wamenuna.

Bustani ya wanyama ipo pale tangu 1952, ukingoni mwa ziwa, na miti yake mikubwa ina kivuli kizuri, kwa hiyo bibi hatateseka na jua. Anzeni kwa sokwe. Wamewekwa kwenye kisiwa kidogo, maji yamewazunguka, kwa sababu sokwe hajui kuogelea. Kisha mtafuteni yule ndege mwenye mdomo kama kiatu. Husimama tuli hata ukadhani ni sanamu, mwanangu alimtazama weee, akaniuliza, "Mama, huyu amekufa?" Ndege akapepesa jicho. Mtoto mbio!

Simba mara nyingi wamelala, msiwapotezee muda.

Chakula bebeni, lakini jihadharini na tumbili wanaozurura huru. Mimi nilifungua mfuko wa chapati, kugeuka tu, mmoja yuko juu ya mti anatafuna. Tumia chombo chenye kifuniko, na usikifungue kabla wote hamjakaa.

Ulitaja pia kwenda kisiwa cha Ngamba, kule kwenye hifadhi ya sokwe, siku hiyohiyo. Hapana, dada. Kule ni safari ya boti, na kwa watoto wadogo hivyo mtachoka bure. Jioni wapelekeni ufukweni wachezee mchanga. Nguo za kubadili usisahau.