Chapa ya TY kwenye bastola yangu

Bastola yangu ya kwanza ya kale niliinunua hapa Uingereza nikijiona mjuzi. Juu ya mtutu, upande wa nyuma, palikuwa na chapa ndogo: herufi TY, kisha tarakimu nne. Nikajua moja kwa moja kwamba TY ni Tyrone, kule kaskazini ya Ireland, na nikaandika kwenye daftari langu: "Imetengenezwa Tyrone." Miezi kadhaa baadaye nilimwonyesha mzee mmoja anayekarabati silaha za zamani. Akaigeuza mara mbili, akacheka. "Kijana, hiyo si namba ya fundi. Hiyo ni namba ya serikali."

Ndiyo habari yenyewe. Mwaka 1843 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya silaha kwa Ireland, kipindi kile Daniel O'Connell alipokuwa akikusanya umati mkubwa wa watu kudai Ireland ipate tena bunge lake. Mwenye bunduki alitakiwa kuiandikisha, nayo ikapigwa chapa: herufi za kaunti na namba. TY ni Tyrone, AN ni Antrim. Kwa hiyo chapa inakuambia mwenye silaha aliiandikisha wapi miaka ile ya 1840. Nani aliitengeneza, haisemi. Hata umri wake haisemi, maana watu walipeleka bunduki za babu zao pia.

Ukipata silaha ya namna hii, kabla ya kutafuta chapa yoyote, hakikisha haina risasi. Sitanii. Magobore mengi yalitundikwa ukutani yakiwa yameshindiliwa, na baruti nyeusi iliyokaa kavu haisahau kazi yake. Elekeza mtutu pasipo na mtu, ingiza mdeki, yaani fimbo ya kushindilia, taratibu mpaka ugote, weka alama ya penseli pale mdomo wa mtutu unapoishia. Utoe, uulaze juu ya mtutu kwa nje. Ukifika karibu kabisa na mwisho wa nyuma, ni mtupu. Ukiishia mbali na hapo, kuna kitu ndani. Iache, mwite fundi.

Halafu usisugue. Mimi nilisugua yangu kwa steliwuli, na tarakimu ya mwisho hadi leo siijui kama ni 1 au 7. Kumbe tochi ingetosha: zima taa ya chumba, mulika kwa ubavu, chapa inajitokeza yenyewe. Itafute kwenye mtutu, kwenye chuma kinachokinga kifyatulio, hata kwenye mbao. Namba tupu isiyo na herufi za kaunti inaweza kuwa ya muuzaji. Rigby, fundi na muuzaji wa bunduki wa Dublin, kwa mfano, alikuwa na namba zake. Bunduki moja inaweza kubeba zote mbili.

Asili yenyewe itafute chini ya mtutu. Ireland haikuwa na nyumba ya majaribio, mahali mitutu inapopimwa kama ni salama na kupigwa chapa, lakini London na Birmingham zilikuwa nazo, ya Birmingham ikianzishwa kwa sheria ya 1813. Fimbo mbili za kifalme zilizopishana chini ya taji, pamoja na herufi BPC, ni za Birmingham. Jina la Dublin kwenye bamba la mtambo wa kufyatulia lisikubabaishe, kwani wauzaji wengi waliagiza mali kutoka huko huko Birmingham na kuandika majina yao.

Yangu tuliifungua pamoja na yule mzee. Chini ya mtutu: fimbo mbili, taji, BPC. Juu ya bamba: jina la duka la Dublin. Pembeni tundu lililozibwa, mahali palipokuwa na kisahani cha baruti, maana ilizaliwa gumegume, ya kuwasha baruti kwa cheche za jiwe, kisha ikageuzwa kuwa ya fataki, kile kikofia kidogo kinacholipuka kikigongwa. Birmingham, Dublin, Tyrone. Nikafuta lile neno "imetengenezwa" kwenye daftari, nikaandika "imeandikishwa".