Swala usimlenge kichwa

Kaka pole kwa yule swala pala uliyempiga jioni akakimbia mkamkuta kafa kesho yake, najua inauma. Umeuliza kama bora ulenge kichwa, mi nasema hapana. Ubongo ni mdogo na kichwa hakitulii, ukikosea kidogo tu unavunja taya, mnyama anakimbia nalo hivyo hivyo hali hanywi mpaka afe, hayo ni mateso makubwa sana.

Lenga moyo na mapafu. Subiri asimame ubavu kabisa, fuata mguu wa mbele ukipanda nao mpaka theluthi ya mwili kutoka chini, hapo hapo. Wanyama wetu wa huku moyo umekaa chini na mbele, katikati ya miguu ya mbele, kwa hiyo zile video za Marekani za kulenga nyuma ya bega zinakupotosha, risasi inaenda tumboni na nahisi ndo kilichotokea. Akiwa kakupa mgongo kwa upande, wewe fikiria risasi itokee kwenye mguu wa mbele wa upande wa pili. Akikupa makalio mwache, hata kama leseni inaisha kesho.

Damu nyekundu yenye povu ni mapafu, hayuko mbali. Ikiwa nyeusi ina vipande vya majani ni tumbo, ngoja hata saa nzima ndo umfuate, ukimkurupusha anatokomea. Ndo maana giza likikaribia mi sipigi kabisa, na wewe usipige.